Kanuni ya Nyonga

Umma wa wilaya ya Mokgwana unatangaziwa, kwa furaha isiyo na mpaka, kwamba kamera ya droni ya wilaya ni nzima. Haina ufa wala mkwaruzo. Imepita katika majaribu ambayo yangewavunja mbavu watumishi wenye cheo kikubwa kuliko chake, na imetoka inang'aa. Mimi, Pheko Moilwa, Afisa Habari wa Idara ya Mifugo Iliyopotea, nimeombwa nieleze mafanikio haya kabla watu wa stendi hawajayaeleza kwa mdomo wao.

Droni ilinunuliwa kutafuta ng'ombe. Huku kwetu ng'ombe akizurura bila mwenyewe anaswagwa hadi zizi la wilaya, na asipodaiwa anapigwa mnada. Droni ingemwona mapema na kumwokoa. Siku ya kwanza ilipaa vizuri, ikageuka vizuri, ikajipigiza kwenye dishi la televisheni la Mkurugenzi wetu, Rra Mogorosi. Kamera ikapasuka. Dishi nalo likapasuka, dakika chache kabla ya fainali ya mpira, na hapo ndipo usalama wa kamera ulipoanza kuchukuliwa kwa uzito unaostahili. Ikanunuliwa kamera nyingine. Ikaundwa Kamati ya Kudumu ya Ulinzi wa Jicho la Angani.

Kamati ilikaa hotelini, kwa kuwa mambo ya angani hayawezi kujadiliwa kwenye ukumbi unaovuja. Azimio la kwanza lilikuwa jepesi: kamera ivae kifuniko chake muda wote inaporuka. Tukaruka mwezi mzima. Picha zilitoka nyeusi tii, nadhifu, hazina vumbi. Nikautangazia umma kwamba katika mwezi huo hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeonekana akiwa amepotea. Redio ya wilaya ikatupongeza.

Rubani wa droni, Gorata, binti mwenye mdomo usiokaa likizo, alimwambia Mkurugenzi, "Mkuu, hata tukitoa hiki kifuniko, kutoka juu tunaona migongo tu. Alama ya mwenye ng'ombe iko ubavuni."

"Migongo inatosha," alijibu Rra Mogorosi. "Usiingilie ubavu wa mtu."

Ndipo akaja Mma Olebile. Mama huyu anakaanga magwinya nje ya geti letu, na idara nzima hainywi chai bila maandazi yake hayo. Siku hiyo alikuja bila beseni.

"Rra Afisa, ng'ombe wangu wa alama ya O, mshale, B hawaonekani."

"Kwa takwimu tulizonazo, Mma, hakuna ng'ombe aliyepotea wilayani."

"Kwa hiyo niliyepotea ni mimi?"

Akanieleza. Mwanawe Olebile anaoa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Bogadi, ng'ombe wa mahari, lazima waingie kwa miguu yao nyumbani kwa bibi harusi kabla jua halijachomoza, na wajomba wa binti watakuwa wamesimama langoni wakiwangoja. "Jua likitoka na zizi lao ni tupu, mwanangu anabaki na suti tu. Na wajomba wale unawajua, Rra. Hawana hata chembe ya haya. Watanicheka mpaka waumwe mbavu."

Rra Mogorosi alitoka ofisini akamshika bega. "Mama yangu, tulia. Jicho la wilaya litawatafuta."

"Jicho gani, Rra? Lile lenye kofia mpaka machoni?"

Kwa kuheshimu maoni ya wananchi, Kamati ilirudi hotelini ikavua kifuniko. Lakini kamera haiwezi kuachwa uchi bila ulinzi mbadala. Ndipo ikazaliwa Kanuni ya Nne: droni haitaruka juu zaidi ya nyonga ya mtu mzima, na chini yake litatembea godoro muda wote. Nyonga za wajumbe zilipopimwa zilitofautiana, mjadala ukawa mkali, mwishowe ikapitishwa nyonga ya Rra Mogorosi kwa sababu ya cheo chake.

Godoro lilikuwa la futi sita, sponji nzito. Liliidhinishiwa Wabeba Godoro Wasaidizi wanne, mmoja kila pembe. Watatu waliajiriwa. Wa nne alikuwa bado kwenye mchakato, kwa kuwa nafasi ile ilihitaji stashahada na waombaji wote walikuwa na digrii. Pembe ya nne ikawa inaning'inia.

Sitaficha kwamba mapokezi ya wananchi yalikuwa ya kelele. Droni ilipita mitaani ikivuma kwenye usawa wa nyonga, godoro likikimbia chini yake, jasho likiwatiririka wabebaji, na Gorata nyuma na rimoti yake.

"Jamani, mgonjwa yuko wapi?" aliuliza kinyozi.

"Anakuja," Gorata alijibu. "Tumetanguliza kitanda."

"Mnahama usiku mmesahau kabati!" mwingine akapaza sauti.

Mma Olebile alitutazama tukipita, mikono kiunoni. "Godoro nimeliona," alisema. "Ng'ombe bado."

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, akaja Waziri kuona mafanikio. Skrini kubwa ilisimikwa kwenye kgotla, uwanja wa baraza la Kgosi, chifu wetu, ambapo kila mtu ana haki ya kusema. Seswaa ilikuwa inatokota, nyama imepondwa laini. Kwa onyesho la moja kwa moja Mkurugenzi alichagua malisho yake mwenyewe, yaliyo mwendo mfupi nje ya kijiji, kwa kuwa nyasi zake ni laini na ng'ombe wake wana nidhamu. Gorata na godoro walitangulia huko. Nakiri kwamba hakuna aliyemkumbusha Mkurugenzi lile suala la mbavu. Mtu mwenye majukumu mengi hawezi kukumbuka kila anachokitia saini.

"Mheshimiwa Waziri," alisema Rra Mogorosi, simu ya upepo mkononi, "Kanuni ya Nne haina msamaha. Hata mimi mwenyewe siwezi kuivunja."

Waziri akapiga makofi. Skrini ikawaka.

Tuliona nyasi. Tuliona kwato, kisha matumbo, kisha mbavu. Ubavu wa kwanza ulikuwa na alama ya Mkurugenzi, na watu wakashangilia. Ubavu wa pili ulikuwa na herufi O na herufi B, na mshale katikati.

Mma Olebile aliweka sahani yake chini.

"Gorata," alisema Rra Mogorosi kwenye simu ya upepo, kwa sauti tamu. "Paisha."

"Mkuu?"

"Paisha juu! Waziri anataka kuona mandhari."

"Siwezi, Mkuu. Kanuni ya Nne. Nyonga."

"Nimeitengua!"

"Inatenguliwa na Kamati, Mkuu. Hotelini."

Ubavu wa tatu: O, mshale, B. Wa nne: O, mshale, B. Waziri akaacha kutafuna. "Mshale huu ni wa nani?"

"Ni... wa muda, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi, kisha akageuka na kunong'ona kwenye simu, akisahau kwamba spika za kgotla zilikuwa zimeunganishwa nayo. "Iangushe! Gorata, iangushe! Ivunje kabisa hiyo kamera!"

Agizo halali la mkuu wa kazi lazima litekelezwe. Gorata alizima injini.

Droni ikaanguka. Na hapa naomba wananchi waone thamani ya mafunzo. Wabeba Godoro Wasaidizi, watu watatu kwenye kazi ya wanne, waliruka kama makipa na kuidaka katikati kabisa ya sponji. Ikadunda, ikabingirika hadi ile pembe inayoning'inia, ikatulia ndani yake kama kifaranga, kamera ikitazama juu. Haikupata hata mkwaruzo. Picha haikukatika.

Mma Olebile alikuwa ameshasimama. "Kgosi, naomba neno." Hakungoja apewe. Alimpokonya Mkurugenzi simu ya upepo akaita, "Tladi! Tladi wa mama!"

Kule malishoni, kwenye simu ya Gorata, sauti ilisikika. Fahali mwekundu akainua kichwa. Akaja mbio, akasimama ukingoni mwa godoro akitafuta mama yake yuko wapi, na ubavu wake ukajaza skrini nzima kutoka ukingo hadi ukingo: O, mshale, B.

"Huyo hapo," alisema Mma Olebile. "Na amekonda."

"Walikuwa kwenye uangalizi," alisema Rra Mogorosi.

"Basi mmewaangalia vya kutosha," alisema Kgosi. Watu wakalipuka kwa shangwe yetu ya kuombea mvua, "Pula! Pula!" mpaka majivu ya jikoni yakaruka.

Jumamosi kabla ya jua, ng'ombe wote wa Mma Olebile waliingia kwa miguu yao langoni kwa wajomba. Wajomba walitafuta kasoro, wakakosa, wakaomba magwinya.

Katika taarifa yangu kwa Wizara nimeandika kwamba lengo limefikiwa kwa asilimia mia: kamera imeanguka na haikuumia. Wizara imefurahi na imeagiza mradi uendelee. Imetusaidia pia kuhitimisha mchakato wa pembe ya nne, iliyojazwa kwa uhamisho, bila usaili. Mbebaji mpya analalamika kidogo kuhusu jua, lakini tangu afike godoro halining'inii tena, na droni humpita sambamba kabisa, haimgusi wala haimkosi. Nyonga iliyopimwa, kama mnakumbuka, ilikuwa yake.