Korongo Kubwa Nyuma ya Tuta

Jumapili, tarehe 8 Novemba

Siku mbaya. Goti limechubuka, suruali imechanika, na nimeogopa mara nne kabla ya saa nne asubuhi.

Ilikuwa siku ya kuhesabu ndege bwawani. Kikundi chetu kina watu kumi na wanne na darubini moja ya maana. Darubini hiyo hukaa shingoni mwa Mwalimu Mstaafu, aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na mpaka leo anasahihisha watu wanapomsalimia. Naitamani mwaka wa tatu huu. Mimi ndiye mwenye duka la fotokopi. Fomu zote za kikundi nazidurufu mimi, na asante yenyewe mpaka niidai.

Wenzangu walipokuwa wakihesabu makinda ya yangeyange kwenye matete, nilizunguka nyuma ya tuta linalozuia maji ya bwawa, peke yangu. Niliwaambia natafuta ndege adimu. Ukweli ni kwamba kuna bata alinitazama vibaya.

Huko nyuma nikatumbukia. Korongo! Maji ya mvua yamelichimba kimya kimya, limenipita kimo. Nimepanda kwa kucha, nikipiga kelele ambazo nashukuru hakuna aliyezisikia. Nilipofika nyumbani niliandika kwenye kundi letu la simu: "Tahadhari. Korongo kubwa nyuma ya tuta. Refu kuliko mimi. Nusura linimeze."

Wajibu nimetimiza. Sasa naoga.

Jumatatu, tarehe 9 Novemba

Pongezi ishirini na saba! Kutoka kwa watu kumi na watatu!

Sikuelewa mpaka Mwenyekiti alipoingia dukani. Ni muuguzi, mama asiyetabasamu ovyo, lakini leo alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Alisema korongo hajaonekana bwawani petu kwa miaka tisa. Akanipa pole kwa kushambuliwa. Akaongeza kwamba lile neno "linimeze" lilimsisimua, maana linaonyesha kuwa si ndege tu, ni dude.

Ndege! Mimi nimeandika shimo, wao wamesoma ndege.

Nilifungua mdomo niseme. Naapa niliufungua. Hapo ndipo alipotoa ile darubini ya Mwalimu kwenye mkoba akanivika shingoni, akasema macho yanayoona ndiyo yanayostahili. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Baadaye nikakumbuka kanuni ya tatu: anayeripoti ndege ambaye hakumwona anafutwa uanachama, na jina lake linasomwa mbele ya wote. Nilipatwa na baridi mchana kweupe. Kanuni hiyo nimeidurufu mimi mwenyewe, nakala hamsini, wino mweusi kabisa.

Jumatano, tarehe 11 Novemba

Balaa limezaa. Mwenyekiti amemwalika Mtaalamu wa Ndege kutoka makao makuu. Anakuja Jumapili.

Mwenyekiti alinipigia simu ajaze fomu ya Mtaalamu. Nikagundua jambo la ajabu: naweza kujibu kila swali bila uongo hata mmoja. Rangi? Ya udongo. Sauti? Kama maji yanayotiririka. Mwendo? Polepole, kuelekea bwawani. Chakula? Chochote kilicho mbele yake. Alikuwa akiandika kwa furaha mpaka nasikia kalamu ikikwaruza.

Mchana Mwalimu Mstaafu alikuja dukani. Hana shida ya fotokopi, nilijua. Aliniuliza kwa upole kwa nini niliandika "kubwa" na si "mkubwa". Nikasema ni haraka tu. Akasema, "Haraka humla mtu herufi. Haimbadilishii ngeli." Kisha akanitazama, akatazama darubini, akaenda zake. Nimetoa nakala sita za ukurasa mtupu ndipo nikatulia.

Jioni nilikwenda kulitazama lenyewe. Jumapili, kutoka mdomo wa korongo mpaka tuta palikuwa na hatua kumi na mbili. Leo saba. Upande wa pili wa tuta ni bwawa, na hapo hapo kwenye kona ndipo matete yalipo, na viota. Tuta likikatika, maji yote yatashuka bondeni na makinda pamoja nayo. Nilihesabu tena nikidhani nimekosea. Sita na nusu.

Nitasema kesho. Kesho ni siku nzuri ya kusema.

Alhamisi, tarehe 12 Novemba

Sikusema. Nimepata mpango.

Asubuhi nilimweleza Mwenyekiti kwamba korongo limeondoka. Alisikitika sana. Halafu akasema basi Jumapili watu wote watapanga mstari nyuma ya tuta, bega kwa bega, watafute manyoya. Nikasema limerudi.

Mpango wa pili ni mwavuli wa shemeji. Alikuja kumsalimia dada yake, akausahau mlangoni, na kwetu kitu kikisahauliwa ni kama kimetolewa. Nimeufunika kwa kiroba cheupe na kuufungia fimbo mbili ziwe miguu na moja iwe mdomo. Ukiwa mbali, na ukikodoa jicho moja, ni korongo. Mtaalamu ataangalia kutoka ng'ambo, atatia alama kwenye fomu, ataondoka.

Mke wangu alinikuta nikipaka mdomo rangi yake ya kucha. Alikaa, akanitazama nikimalizia kupaka mara ya pili, ndipo nikamweleza yote. Alisema njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu inaishia shimoni, nami nalijua shimo lenyewe kwa vipimo. Akauliza makinda wana kosa gani. Nilimjibu kwamba wanawake hawaelewi mambo ya darubini. Chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 14 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nimekwenda na koti la plastiki, mwavuli wangu wenye miguu na moyo uliosinyaa. Hatua mbili! Udongo unamong'onyoka huku unauona. Juu ya tuta kuna ufa unaoingia kidole. Upande wa pili makinda walikuwa wakilia wanataka kula, hawana habari.

Niliogopa kweli, si ule uoga wangu wa kila siku. Nikatoa simu. Niliandika "shimo", nikafuta. Nikaandika "mmomonyoko", nikafuta, maana wangeuliza mmomonyoko upi, na tangu lini, na nani aliuona. Mwishowe nikatuma: "Hatari! Korongo limefika kwenye tuta! Njooni sasa!"

Walifurahi mno. Mwenyekiti akaagiza mtu yeyote asisogee karibu mpaka Mtaalamu afike, tusije tukalitisha likaruka.

Ningeweza kupiga simu. Vidole vilikuwa na baridi. Badala yake nilisimika mwavuli kwenye matete, nikarudi nyumbani, nikajifunika blanketi mpaka kichwani.

Jumapili, tarehe 15 Novemba

Naandika nikiwa na matope mpaka masikioni.

Mtaalamu alifika saa moja asubuhi, mtu mwembamba, mpole, wa kutisha. Alisimama ng'ambo ya bwawa akaomba darubini yangu. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ndege yule ameandikwa "Godoro Bora" kwenye bawa. Kiroba kilikuwa kimechukuliwa na upepo, tangazo la mwavuli likabaki wazi.

Kabla hajamaliza, Mwalimu Mstaafu, ambaye hakutaka kubaki nyuma, alizunguka tuta na kutoweka. Tulisikia kishindo. Tulimkimbilia. Alikuwa ndani ya korongo, matope mpaka kifuani, kofia bado iko kichwani, na juu yake kona ya tuta ilikuwa inavuja maji kama gunia lililotoboka. Tukiwa tunatazama, kipande cha ukingo kilikatika na matete yake. Viota viwili vilikwenda nacho.

Hakuna aliyezungumza juu ya ndege tena. Tulijaza viroba mchanga, tukabeba mawe, mafuriko tukayazuia kwa migongo. Mke wangu alikuja na majirani na majembe. Saa tisa alasiri tuta lilikuwa limetulia.

Ndipo Mwenyekiti akanigeukia mbele ya wote.

"Ulijua?"

Nilisema niliandika. Mwalimu Mstaafu, akipangusa miwani kwa shati lenye matope zaidi ya miwani, akasema ni kweli. "Aliandika 'kubwa', akaandika 'refu', akaandika 'limefika'. Hilo si ndege, Mwenyekiti. Sisi ndio tuliosoma vibaya." Watu wakainama kwa aibu. Wengine wakaniomba radhi! Mtaalamu akauliza, na mwavuli je? Nikasikia mdomo wangu ukisema ni alama ya hatari. Wakapiga makofi.

Darubini imerudi kwa Mwalimu hata hivyo, kwa kuwa sikuona ndege yeyote. Aliponivua shingoni aliinama karibu na sikio langu. "Sarufi imekuokoa," alisema. "Mimi sikukuokoa."

Kabla ya kuondoka nilimwona yangeyange mmoja amesimama pale ukingo ulipokatika, na samaki mdomoni, akigeuza shingo huku na huku. Sikuhitaji darubini kumwona. Niliona haya mpaka nikashindwa kula.

Jumatatu, tarehe 16 Novemba

Nimejifunza. Kuanzia leo ni ukweli mtupu. Nimemwambia mke wangu, naye amesema tutaona.

Asubuhi nilikwenda kukagua viroba. Vyote viko imara. Juu ya kigingi nikakuta tai ya Mtaalamu, aliivua jana abebe mawe. Nzuri, nyeusi, ina mistari ya fedha. Nikatoa simu papo hapo, kama mtu mwaminifu, nikaandika: "Nimeona tai kwenye tuta. Nyeusi, ina mistari. Mwenyewe aje aichukue."

Kidole kilikuwa tayari kutuma. Nikaikumbuka darubini.

Nilifuta mwenyewe aje aichukue. Nikafuta ina mistari. Nyeusi nikaitazama kidogo, nikaifuta pia, maana pasipo kivumishi hata mwalimu hana pa kushika. Ikabaki: "Nimeona tai kwenye tuta." Kila neno la kweli. Nikatuma.

Pongezi tisa mpaka sasa. Mwenyekiti ameuliza kama nina hakika, nikamjibu kwamba nilisimama karibu kabisa. Anawaarifu makao makuu.

Mwalimu Mstaafu anaandika. Simu inaonyesha anaandika, anaacha, anaandika tena. Nimefunga duka na kukaa chini nyuma ya mashine ya fotokopi. Tai iko mfukoni, mtu mwingine asije akaiona.