Nyanya Zangu Ndani ya Friji la Mama Gift

Jumanne, 28 Juni 1994
Baba ametangaza! Jumapili ya Mavuno, tarehe 10, atakayepeleka kanisani nyanya nzuri zaidi atapewa ngwe ya bondeni, kipande kizuri kuliko vyote shambani kwake. Mimi au binamu Optatus. Tangu nimalize shule naiota ngwe ile: kijito karibu, ukungu wa Newala ukishukia majani yangu. Nimechuma leo, kabla ngedere hawajachuma. Aina tatu: Mshumaa, bado kijani. Mani Meka, zinaanza kuiva. Zile ndogo za Bibi, nyekundu tayari. Sasa zikae bila kuharibika.

Jumatano, 29 Juni
Nimelizunguka duka la Mama Gift mara nne. Aibu! Mara ya tano nikamwamkia shikamoo, yaliyobaki nikayasahau. Akaitikia marahaba, akauliza kama nimetumwa chumvi. Nikanunua chumvi. Mara ya sita nikaomba nafasi ya nyanya kwenye friji. Amekubali, mradi nimwoshee chupa za soda. Friji lake jipya ni la mafuta ya taa. Moto chini, baridi juu! Niliegemeza shavu mlangoni, nikawa kama nalala mawinguni. Mama Gift akaniambia nimezuia wateja.

Jumapili, 3 Julai
Zinang'aa kama zimechorwa. Optatus kaniuliza mbele ya watu: "Dada Dorika, wagonjwa wako homa imeshuka?" Jibu zuri sana lilinijia baada ya saa mbili.

Alhamisi, 7 Julai
Nimezitoa ziive. Mshumaa kijani vilevile. Nimeziimbia.

Jumapili, 10 Julai
Ole wangu! Mshumaa zina mabaka na vishimo, hazitaki kuwa nyekundu. Za Bibi zimeota ukungu mweusi kwenye vikonyo. Mani Meka ziliiva, nikapata matumaini. Baba akakata moja: ndani kama unga. Akanipa ninuse. Hakuna kitu. Akasema taratibu kwamba nyanya haipendi baridi, hasa ikiwa mbichi. Kapu la Optatus, alilochuma jana, lilinukia hadi madhabahuni. Ngwe ni yake. Baba akanionea huruma: nimeachiwa tuta moja, la mwisho, kando ya kijito.

Jumatatu, 11 Julai
Ukungu mzito. Nimekaa mlangoni nikiwaza, na kosa nimeliona: baridi haikutosha! Kumbe ndani ya friji, juu kabisa, kuna kisanduku cha kugandisha barafu. Tuta langu bado sijalima. Chupa za Mama Gift nimeshaosha thelathini.