Kanali na Taa za Mapovu

Alhamisi, 18 Desemba
Taa za sikukuu zimetundikwa barabarani. Kwenye ngazi kuna tangazo: picha bora itakaa juu ya kalenda ya jengo letu mwaka mzima. Mwaka jana alishinda Kanali, fundi cherehani wa ghorofa ya chini, eti kwa picha ya ndoo! Hata mgambo hajawahi kuwa; koti lake tu lina vifungo vingi. Kila nikipita anakohoa na kuitazama ile ndoo ukutani. Mwaka mwingine wa kikohozi sitauweza.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, hupiga picha za paspoti studio. Kanionyesha moja aliyopiga kwa simu: uso safi, nyuma taa zimekuwa mapovu makubwa ya rangi. Nikasema hiyo ndiyo yangu. Akasema Baba, njoo nikufundishe. Nikamjibu kwamba mtu aliyefungua na kutengeneza saa za watu miaka arobaini hafundishwi simu.

Ijumaa, 19
Siri nimeipata! Nimevua miwani dirishani: taa zote mapovu. Nikapiga picha thelathini, nikamwita bibi yangu, mama watoto, aone. Akanivisha miwani. Taa kali kama sindano! Kumbe ukungu ni wa macho yangu. Simu inaona kunishinda, mshenzi.

Jumamosi, 20
Nimechukua kile kioo cha kukuzia nilichokuwa nikibana jichoni kazini, nikakibandika kwenye simu kwa gundi. Sasa kila kitu povu. Taa povu, kochi povu, bibi povu. Kauliza kama huyo ni yeye au gunia la unga. Nikaifuta picha. Ndoa hudumu hivyo.
Gundi imegoma kutoka.

Jumapili, 21
Nimenywea, nikamwendea mkwe. Kabandua kioo, kacheka kwa adabu, mkono mdomoni. Kasema Baba, mtu akae karibu na simu, taa ziwe mbali nyuma yake, halafu gusa uso wake kwenye simu. Basi! Ila mtu mwenyewe atulie.
Bibi kakataa. Anasema ametulia na mimi miaka arobaini na mbili, inatosha.

Jumatatu, 22
Akili imenijia nikinyoa ndevu. Kanali! Leo ndiyo mwisho wa kupokea picha. Akisimama mbele ya simu yangu, picha yake ataipiga saa ngapi? Nikamwambia najaribu simu tu, na kwamba ana sura ya heshima. Mbio kwenda kuvaa koti! Magharibi nikamweka kibarazani, taa ng'ambo ya barabara. Kidevu juu, mzee mwenzangu. Usipumue. Nikagusa uso.
Loo! Vifungo vyote vinahesabika, nyuma mapovu mekundu na manjano. Nikaiwahisha kwa katibu wa jengo. Kanali nikamwacha palepale, hajapumua.

Jumatano, 24
NIMESHINDA!
Kalenda iko ukutani. Kanali, mkubwa kama mlango. Majirani wanampa yeye mkono. Mjane wa ghorofa ya tatu kauliza kama bado anashona magauni. Hakohoi tena, anasimama tu chini ya sura yake, kidevu juu. Jina langu liko pembeni, nimelisoma kwa kile kioo cha saa. Bibi kasema hakuwahi kujua Kanali ana macho mazuri hivyo.

Nimekaa, nimewaza, kosa nimeliona. Anayeshinda ni aliyemo pichani, si mwenye simu. Mwaka ujao nasimama mimi, Kanali apige. Nimeshamwambia. Kakubali hata sijamaliza kusema, maskini. Hajui lolote.