Tumbo la Mkurugenzi

Kwa furaha isiyo na kifani, Wizara ilitangaza kwamba madaktari wote wa familia walio mafunzoni sasa wanajua kuwapima wajawazito kwa altrasaundi. Kufundishwa kungefuata.

Mmoja wao, binti ambaye wenzake walimwita Dokta Swali, alilisoma tangazo hilo ukutani mara mbili. Jumatatu ijayo alikuwa anapelekwa kituo ambako daktari ni yeye peke yake, na mashine yenyewe hajaigusa. Mtoto aliyekaa vibaya tumboni atamjuaje, kwa kupiga ramli?

Mashine ilikuwepo. Ilikaa ofisini kwa Mkurugenzi, imefungwa mnyororo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chombo cha maua. Wanafunzi walifundishwa kwa picha yake. Kibali cha kumpima mjamzito wa kweli kilichukua miezi kumi na moja, ili kuepuka papara.

"Mama, miezi kumi na moja si mtoto anatambaa?" Dokta Swali alimuuliza mkunga mkuu, mtu aliyeijua mashine kabla haijafungwa.

"Atakuja kutia saini mwenyewe. Tulia mwanangu, leo anakuja Waziri."

Waziri alikuja, akaonyeshwa picha, akataka kuona mashine ikifanya kazi. Mkurugenzi akatokwa jasho. Mjamzito mwenye kibali hakuwepo hata wa dawa.

"Samahani mzee," Dokta Swali akamwambia Mkurugenzi, "kibali ni cha tumbo gani?"

"La mjamzito!"

"Basi lako halihitaji."

Waziri akapiga makofi. Mnyororo ukafunguliwa, na vifungo vya shati la Mkurugenzi navyo vikapumua.

"Jeli ya baridi hii!"

"Vumilia baba, wenzako wanavumilia."

Binti akapitisha kidude tumboni. Aliona mawingu, mtoto hakumwona. Ila fomu, aliyoitunga Mkurugenzi mwenyewe, ilikuwa na majibu mawili tu: kichwa chini au makalio chini. Kuiacha wazi ni kufukuzwa. Alimtazama mkunga, mkunga akatazama dari. Binti akaweka alama kwenye kichwa chini, akagonga muhuri.

"Futa hiyo!"

"Waraka wako unasema matokeo yenye muhuri hayafutwi na yeyote, Mkurugenzi akiwemo."

Waziri akaikagua saini ya Mkurugenzi kwenye waraka, akaitambua. "Sheria ni msumeno," akasema kwa upole. "Hongera sana."

Likizo ya uzazi ilianza papo hapo. Mkunga akakaimu ofisi, akatoa vibali kwa mkupuo, na kila asubuhi akasimama nyuma ya Dokta Swali akimwongoza mkono. Siku ya tatu binti alimwona mtoto aliyekingama tumboni, akamuwahisha mama hospitali kubwa. Wote wawili wakapona. Jumatatu haikumtisha tena.

Ijumaa Mkurugenzi alikuja kuomba apimwe upya. Alikuta benchi limejaa wajawazito. Mmoja akajisogeza, akampigapiga begani.

"Kaa, mwenzangu. Hii ndiyo ya kwanza?"