Haibridi Aomba Mbegu ya Nyamula

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka wa tisini na mbili, pale kwa Benta wa chai, Kaloleni. Dalmas, tunayemwita BBC kwa vile redio haimtoki kwapani, akaongeza sauti. Mtangazaji alisema watafiti wanatafuta mahindi ambayo funza hawatoboi mashina yake, na wameona dalili nzuri kwenye mbegu za kienyeji. Akataja nyamula, yale mahindi ya njano ya kwetu.

"Nyamula!" BBC akapiga meza. "Haibridi, umesikia?"

Haibridi ni Walubengo, afisa wa kilimo mstaafu. Jina alilipata kwa kuzunguka vijijini miaka ishirini akiambia watu watupe mbegu zao, wapande haibridi, ile ya kisasa ya dukani.

"Hiyo ni redio," akasema, macho kwenye kikombe. "Redio inasema mambo mingi."

"Na wewe je? Ulisimama kwa baraza ukasema nyamula ni chakula ya kuku!"

"Mavuno yake ilikuwa kidogo, Dalmas. Ile mpya inatoa mara tatu."

"Inatoa kwa funza! Omera, ndugu yangu, funza wa kwetu wamenenepa mpaka wanatembea kama madiwani. Wanaingia kwa shina, wanakula, wanazaa, wanaita mashemeji. Sisi tunavuna majani."

Tukacheka sote, isipokuwa Haibridi na Benta.

"Mzee," Benta akasema, birika mkononi, "ulikuja kwetu Nyakach na landrova. Mama alikuwa ametundika nyamula ya mbegu juu ya jiko, kwa moshi. Ulishusha wewe mwenyewe, ukamwagia kuku. Mama alilia."

Tulidhani atajitetea kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Akaweka kikombe chini.

"Shamba yangu ya Muhoroni imekwisha," akasema. "Nimepiga dawa mara tatu. Jana nilipasua shina moja, nikatoa funza kumi na moja." Sauti ikashuka. "Benta, kwenu hamkubakisha hata kidogo?"

"Ai! Hata haya hana!" BBC akaruka.

"Ilibaki," Benta akasema. "Ulipoondoka, mama alifukuza kuku akaokota punje moja moja. Mpaka leo anapanda nyuma ya nyumba."

"Atanipa?"

"Atakupa. Lakini kwanza atakukalisha chini akufundishe vile mahindi hupandwa. Siku mzima. Na utaandika."

BBC alicheka mpaka akakohoa. Haibridi akapapasa mfuko wa shati, akatoa kalamu, akaijaribu kiganjani kuona kama inaandika.

"Mama huamka saa ngapi?" akauliza.