Kakakuona wa Bi Dieu

Saa tano na nusu asubuhi, siku ya kwanza ya mwezi wa nne kwa kalenda ya mwezi mwandamo, siku ambayo Wabudha wengi huacha nyama, mchinjaji mmoja wa sokoni alisimama katikati ya mgahawa wa mboga wa Bi Dieu, mjini Saigon, na kutangaza kwamba amelishwa bata.

"Miaka ishirini na mbili nachinja bata!" alipiga kelele, huku mkewe akimvuta shati. "Hata mkinifunga kitambaa machoni, ngozi ya bata naijua. Hii ni ngozi ya bata, na huu ni mfupa wa bata. Nimekuja kutafuta thawabu, mama, wewe umenitia dhambini!"

Bi Dieu alitoka jikoni akipangusa mikono. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na ushee, mzaliwa wa Hue, na mtaa mzima ulijua kwamba nyama, samaki na hata yai havijapita midomoni mwake tangu usichana. Hakujibizana na mtu. Alichukua kipande kutoka kwenye sahani ya mchinjaji, akakila. Kisha akautafuna na mfupa wenyewe.

"Muwa," alisema. "Na ngozi ni utando wa maziwa ya soya. Nikuongeze?"

Wateja walirudi kwenye bakuli zao. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi: kama Bi Dieu amekila, kitu hicho hakijawahi kuwa na mama wala baba. Mchinjaji aliketi taratibu.

"Lete sahani mbili," alisema.

Kwenye meza ya pembeni, mwanaume aitwaye Thoai aliweka vijiti vyake chini.

Thoai alikuwa na miaka thelathini na minane, shati lililopigwa pasi na viatu vya bei kubwa kuliko kipato chake. Mwaka uliotangulia alikuwa ameuza viwanja vya makaburi vyenye mandhari ya mto. Mto, angalau, ulikuwepo. Sasa aliwaza kwa utaratibu, kama ilivyo desturi ya watu wa taaluma yake. Kwanza: ikiwa mchinjaji wa miaka ishirini na mbili hawezi kutofautisha, mlaji wa kawaida atafanya nini? Pili: ni nyama gani ambayo mnunuzi akiuziwa bandia hawezi kwenda polisi? Jibu: nyama iliyopigwa marufuku. Hoja hiyo haikuwa na dosari yoyote, isipokuwa ya jinai.

Alisubiri wateja wapungue, akaingia jikoni amekunja uso kwa huzuni.

"Shangazi, nina bibi yangu. Ana miaka tisini na mmoja. Aliacha nyama, akaweka nadhiri pagodani. Lakini kila usiku analia."

"Analilia nini?"

"Kakakuona."

Bi Dieu aliacha kukata uyoga.

"Alikulia milimani, shangazi. Baba yake alikuwa mwindaji. Anataka aonje ladha ya utotoni mara moja tu, bila kuvunja nadhiri, kisha aondoke kwa amani."

"Mwanangu, mimi kakakuona sijawahi kuonja. Nitajuaje nimepatia?"

"Hata bibi mwenyewe amesahau," alisema Thoai, akafuta jicho lililokuwa kavu.

Bi Dieu hakuwa mtu wa machozi, lakini alikuwa fundi, na fundi aliyekwisha kutengeneza bata, kamba wa baharini na kichwa cha nguruwe kwa mboga tupu hapati kazi mpya kila siku. Alijifungia siku kadhaa. Alitoka na sufuria: fenesi bichi kwa ajili ya nyuzi za nyama, mnato wa unga wa ngano uliooshwa kwa ajili ya msuli, uyoga mweusi, pilipili manga, na mifupa ya muwa iliyobabuliwa kidogo kwenye mkaa. Thoai alionja akafumba macho. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa akiigiza.

Mteja alikuwa tayari. Bwana Quach alikuwa mkandarasi wa majengo mwenye goti bovu na hamu kubwa ya kuonekana. Aliamini kwamba mkopo wa benki hupatikana mezani, na kwamba kadiri mnyama anavyokuwa adimu ndivyo riba inavyoshuka.

"Kwa kawaida huwa namwona mnyama akiwa hai kwanza," alisema Quach. "Sinunui mbuzi kwenye gunia."

"Bosi, aliye hai anapumua. Anayepumua anasikika, na anayesikika anakamatwa. Wa kwangu anapikwa hukohuko mpakani, anasafiri ndani ya sufuria. Mbwa wa forodha wakinusa, wananusa mboga tu."

Sentensi hiyo ya mwisho ilikuwa kweli tupu. Ndiyo pekee ya namna hiyo aliyoisema Thoai katika mazungumzo hayo.

Kwa heshima ya wageni, Thoai aliongeza kitu kimoja cha ubunifu wake mwenyewe. Juu ya sahani aliweka magamba matatu makavu. Yalikuwa maganda ya chipukizi la mwanzi, yaliyochemshwa kwenye majani ya chai na kupakwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Quach, aliyesikia kwamba magamba ya kakakuona ni dawa ya viungo, aliomba moja, akalisaga, akalinywa na pombe ya mchele. Goti lilipata nafuu. Daktari wake alithibitisha nafuu hiyo, ingawa hakuambiwa sababu.

Karamu zikaendelea kwa miezi mitatu, katika chumba cha juu cha mgahawa mmoja wa bia. Quach alilipa kwa kila sufuria fedha ambayo ingemtosha mtu kununua pikipiki. Bi Dieu alilipwa bei ya mboga, pamoja na salamu za bibi.

Kisha dereva wa Quach, akiwa na saa nyingi za kusubiri na chache za kunyamaza, akamwona Thoai akitoka na sufuria ileile kwenye mlango wa nyuma wa Bi Dieu. Akalisimulia jambo hilo kwenye kibanda cha kahawa. Kufikia mwanzoni mwa mwezi wa saba habari ilikuwa imefika pagodani, na mtawa mkuu akaja mwenyewe.

"Dada Dieu, sisemi kwamba naamini," alisema, bila kuketi. "Lakini watu wanasema jikoni kwako anapikwa kakakuona. Na sufuria zako ndizo zinazopika karamu yetu ya tarehe kumi na tano."

"Nimewapikia karamu hiyo tangu mume wangu yu hai."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu. Bila neno hili kufutwa mbele za watu, mwaka huu itabidi tupike kwingine."

Akaondoka. Bi Dieu alizima jiko lake. Halafu akaenda kwenye kibanda cha kahawa, akamnunulia dereva glasi mbili, akamsikiliza mpaka mwisho. Aliporudi nyumbani alipiga simu.

Siku ya kumi ya mwezi huo, saa moja na robo jioni, afisa wa misitu aitwaye Trieu alifungua mlango wa chumba cha juu akiwa na askari wawili. Mezani walikuwa Quach, wageni sita na sufuria moja. Thoai alikuwa amesimama akigawa mapaja.

"Hakuna mtu kuinuka," alisema Trieu. "Hiyo ni nyama gani?"

"Nguruwe, afande," alijibu Thoai bila kusita.

Trieu aliinua gamba kutoka kwenye sahani.

"Nguruwe mwenye magamba?"

Thoai alipiga hesabu. Kifungo cha kuuza kakakuona hakipungui mwaka. Kifungo cha kuuza fenesi hakipo.

"Afande, nitasema ukweli. Ni mboga."

"Ni nini?" aliuliza Quach.

"Mboga, bosi. Samahani. Yote ni mboga."

Trieu alimgeukia Quach. "Wewe ndiye mwenye karamu. Unakula nyama au mboga?"

Swali lilikuwa fupi, lakini Quach alionekana kulipima kutoka pande zote. Akisema nyama, anakwenda ndani. Akisema mboga, basi kwa miezi mitatu amewakirimu watu wa benki kwa majani, na goti lake limeponywa na mwanzi.

"Mimi nilikuwa nakula wali," alisema.

"Onja, afande!" Thoai alinyoosha kijiti. "Tafuna mfupa wenyewe, ni muwa!"

"Kuonja mnyama aliyehifadhiwa ni kosa. Siwezi kutenda kosa ili nijue kama kuna kosa. Sampuli itakwenda maabara, majibu huchukua wiki sita. Utayasubiria ndani."

"Wiki sita!" Thoai alishika meza. "Basi muiteni Bi Dieu! Mama wa mgahawa wa mboga! Huyo hajaonja nyama tangu usichana, mji mzima unajua. Akila yeye, mtakuwa mmepata majibu ya maabara."

Mmoja wa askari alinong'ona kwamba mama yake mzazi huapa kwa jina la Bi Dieu. Trieu akakubali. Haikuhitajika kumtafuta mbali: Bi Dieu alikuwa ghorofa ya chini, amekaa na dereva, anakunywa chai.

Alipanda ngazi polepole, dereva nyuma yake. Thoai alimvutia kiti, akamwekea bakuli, akachagua kipande kizuri kuliko vyote, akaweka vijiti upande wa kulia. Watu kumi na wawili walimtazama.

Bi Dieu aliangalia bakuli.

"Sina njaa," alisema.

"Shangazi, kipande kimoja tu."

"Bibi yako hajambo?"

"Shangazi, tafadhali—"

"Nauliza bibi yako hajambo. Miaka tisini na mmoja, anayelia usiku."

"Sina bibi."

"Pole sana. Amefariki lini?"

"Kabla sijazaliwa."

Mgeni mmoja alikohoa ndani ya leso. Bi Dieu hakucheka.

"Dereva yuko hapo mlangoni. Mwambie kilichomo kwenye sufuria hii. Kwa sauti, kama unavyouza."

"Fenesi bichi!" alisema Thoai. "Mnato wa ngano, uyoga, pilipili manga, muwa!"

"Nyama?"

"Hakuna! Nyama haijawahi kuingia jikoni kwa Bi Dieu! Mimi ndiye mwongo! Nilimdanganya yeye, nikamdanganya na bosi!"

"Na magamba?"

"Maganda ya mwanzi. Na rangi ya kucha."

"Hayo si yangu, afande," alisema Bi Dieu. "Sijapika magamba mimi."

Quach alipeleka mkono taratibu kwenye goti.

"Umesikia?" Bi Dieu alimwuliza dereva. "Kesho kakae kwenye kibanda chako useme hivyohivyo. Na kwa kuwa una mdomo mrefu, usisubiri kuulizwa."

Ndipo akashika vijiti. Alikula kipande, akala cha pili, akautafuna mfupa. Alifuta midomo na kumtazama Thoai kwa hasira ya kweli, ya kwanza jioni ile.

"Umeipasha moto mara mbili. Fenesi limekuwa uji."

Trieu alifunga faili lake. "Basi. Ofisi yangu haishughulikii mafenesi."

Thoai alipumua. Kisha akamwona Quach, ambaye alikuwa anakunja mikono ya shati kwa uangalifu mkubwa.

"Afande, usiende! Nikamate! Nimetapeli watu!"

"Yuko mlalamikaji?" Trieu aliuliza chumba kizima.

Wageni sita walimtazama Quach. Kulalamika kungemlazimu aeleze, mbele ya afisa, alikuwa ameagiza nini.

"Hakuna," alisema Quach. "Sisi ni marafiki."

"Basi jioni njema. Mama, asante kwa ile simu."

"Asante kwa kuja upesi, mwanangu."

Hatua za askari zilishuka ngazi. Quach alinyoosha kiganja. Thoai aliweka humo ufunguo wa pikipiki. Kiganja kilibaki pale pale. Aliongeza saa ya mkono, kisha pochi. Kiganja hakikusogea. Thoai akainama, akavua viatu.

"Hiyo ni nusu," alisema Quach.

"Bosi, sina kingine."

"Una mifupa. Na yako si ya muwa."

"Bwana Quach," alisema Bi Dieu akiwa mlangoni, "ukimvunja mikono utanitia hasara. Nina mafenesi mia moja ya kumenya kabla ya tarehe kumi na tano, na yeye amekula jasho langu miezi mitatu."

Quach alifikiri. Mgeni mzee kuliko wote, ambaye ndiye mwenye sahihi ya mkopo, hakuwa akifuatilia ugomvi. Alikuwa anamalizia paja.

"Mama," alimwuliza Bi Dieu, "nyingine kama hii inapatikana lini? Isiyopashwa mara mbili."

"Njoo siku ya kumi na tano, saa tano. Mlete na Bwana Quach."

Quach alishusha mikono ya shati.

"Unajua kumenya fenesi?" Bi Dieu alimwuliza Thoai.

"Sijui, shangazi."

"Paka mafuta mikononi kwanza, au utomvu utaganda hapo, hautabanduka."

Thoai alisema ndiyo, bila kusikiliza.

Siku ya kumi na nne, saa nane mchana, baiskeli ya magurudumu matatu ilisimama mbele ya mgahawa ikiwa imebeba sufuria kubwa za pagoda. Mtawa mkuu alishuka, akamwinamia Bi Dieu, na Bi Dieu akamwinamia. Thoai aliitwa kutoka uani, miguu mitupu, kushusha mzigo. Aliinua sufuria ya kwanza kwa mikono miwili, akaibeba hadi jikoni na kuiweka chini. Sufuria ilikaa sakafuni, na Thoai akabaki ameinama juu yake, kwa sababu mikono haikubanduka.