Katekista Hajafunga Safari

Jumatatu, 27 Machi 1995

Mwalimu Chenge ametufundisha habari za shakwe. Wanakuja ziwani kwetu kukimbia baridi ya Ulaya, na sasa ndio wanarudi. Watavuka jangwa la Sahara bila kituo. Asiyenenepa ataanguka mchangani! Darasa zima liliandika. Mimi nilishindwa. Nilikuwa namfikiria Katekista.

Katekista ni shakwe wa jiwe la nyuma ya nyumba yetu, hapa Igogo. Mguu wake mmoja uliumizwa na uzi wa nyavu. Nilimpa jina hilo kwa sababu husimama kama anayengoja watu wakae kimya. Ni mwembamba mno. Sahara hafiki.

Mpango: kazi yangu baada ya shule ni kugonga kopo ili kufukuza ndege kwenye dagaa wa Bibi walioanikwa. Nitageuka kidogo tu, Katekista ale. Nisichokiona siwezi kukifukuza.

Jioni. Niligeuka. Alikula. Jamaa zake wote nao wakala. Bibi akaniuliza, "Rebeka, nimekuweka ulinde au ukaribishe wageni?" Akaongeza kuwa yakitokea tena atamwita jirani yetu Mzee Luhende na manati yake. Mzee Luhende hakosi.

Jumanne, 28 Machi

Mpango mpya, safi kabisa. Ndege wapewe meza yao! Nimetandika gunia mbali na dagaa, nikaweka mapanki, ile mifupa ya sangara inayotoka kwenye kiwanda kipya cha minofu. Mjomba alikuwa ameileta kwa ajili ya mchuzi.

Katekista hakuonja. Walitua makorongo wenye vipara, wakubwa kama watoto wa darasa la pili. Wakamaliza yote. Mmoja akaondoka na ndala ya Bibi, ya kushoto. Tumekula ugali kwa chumvi.

Suzana, ninayekaa naye dawati moja, anasema shakwe wake wa Mwaloni ameshaondoka. Nimemwambia wangu si mtu wa haraka. Lakini moyo uliniuma.

Alhamisi, 30 Machi

Shakwe wenye migongo myeusi wameondoka karibu wote. Katekista bado yuko kwenye jiwe. Labda amesahau njia!

Nikamwonyesha. Nilikimbia ufukweni kuelekea kaskazini, mikono nimeinyoosha kama mabawa. Nikarudi, nikakimbia tena. Akina mama waliokuwa wakifua waliuliza kama nimeingiwa na siafu. Katekista alitazama mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akajikuna.

Jumamosi, 1 Aprili

Nimemleta Mwalimu Chenge. Alimwamkia Bibi, akachuchumaa, akatazama sana. Akaniambia polepole kwamba wasafiri ni wale wa migongo myeusi. Huyu mwenye mabawa ya kijivu ni wa hapa hapa. Amezaliwa kwenye mawe ya ziwa hili na hana safari yoyote ya Ulaya. Tofauti hiyo aliichora ubaoni Jumatatu. Akauliza nilikuwa wapi. Nilikuwepo! Nilikuwa dirishani, naangalia kama mvua itamlowesha Katekista.

Nililia. Sijui kwa nini, maana sasa hatakufa jangwani. Labda ni kwa sababu nilishazoea kumuaga. Bibi aliinama, na ndala yake moja mguuni, akachota dagaa wakavu kwa kiganja, akawamwaga jiweni.

"Mwenyeji naye anakula," alisema.

Halafu akanipa kopo, akaniagiza niwafukuze hao wengine.

Jumapili, 2 Aprili

Kanisani nimemwombea Katekista abaki salama hapa hapa. Sasa najua kutofautisha wenyeji na wasafiri. Sitakosea tena.

Jioni nimemwona yule korongo mwenye kipara aliyechukua ndala. Amesimama peke yake jaani, anatazama kaskazini. Wenzake wote wameinama wanakula, yeye hali. Ni mawazo ya safari. Maskini, Ulaya ni mbali! Ndiyo maana alihitaji kiatu.

Nimemwachia na ile ya kulia.